Kibao cha Mtu wa Mashoto

Haya, tulizeni roho. Ujumbe wenu wa wiki nzima nimeusoma, na wengi mmenisema vibaya kwa kumwacha Gundi amesimama katikati ya ukumbi na mdomo wazi. Dada mmoja kaniandikia kwamba aliunguza sufuria akimfikiria. Pole, dada. Sufuria nunua nyingine, lakini Gundi ndiye huyu, bado amesimama.

Kwa aliyeingia leo, nimdokeze upesi. Gundi ni binti, fundi wa makumbusho. Kazi yake ni kuunganisha vigae vya vyungu vya kale, ndiyo maana akaitwa Gundi, na jina lake la kuzaliwa wamelisahau hata waliompa. Profesa anayeongoza uchimbaji wa ule mji wa kale ni mjomba wake. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

Na mji wenyewe ni fumbo. Vyungu vimekutwa juu ya mafiga. Milango imefungwa kwa nje. Hakuna mfupa, hakuna jivu la moto, hakuna dalili ya vita. Watu wote waliondoka, na hakuna ajuaye waliondokaje, kwa kufukuzwa au kwa hiari. Mjomba amezeeka akiliuliza swali hilo. Kamati ilikuwa imechoka naye na ilitaka kufunga mashimo, ndipo kikachimbuliwa kibao cha udongo chenye maandishi ambayo hayajapata kuonekana popote. Ghafla kila mtu akamkumbuka Profesa.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kibao kile alikitengeneza Gundi jikoni kwake.

Sasa turudi ukumbini.

"Mimi..." Gundi alisema. Waandishi wa habari waligeuza kamera. "Mimi ndiye..."

Mlango ukafunguka kwa kishindo!

Aliyeingia alikuwa Binamu, binti wa kwanza wa Mjomba, bingwa wa maabara. Koti jeupe lilikuwa limefungwa vifungo vya kupishana, na miwani ilikuwa imepanda kichwani.

"Baba! Mashine imesema! Ni cha kale! Miaka mia nane na ushei!"

Lo! Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi, wengine walipanda juu ya viti. Mwenyekiti wa Kamati, yule yule aliyetaka kufunga mashimo, alimkumbatia Mjomba kama ndugu waliopotezana utotoni.

Gundi akakaa. 

"Na kuna jambo jingine," Mjomba akasema, akipunga mkono watu wanyamaze. Sauti yake ilikuwa imejaa furaha mpaka ikawa inakwaruza. "Tazameni mistari inavyolala. Aliyeandika kibao hiki alikuwa mtu wa mashoto!"

Watu wakacheka kwa mshangao. Gundi akauficha mkono wake wa kushoto chini ya paja.

Alijiuliza kama ana wazimu. Udongo aliukanda mwenyewe. Maandishi aliyachora kwa msumari, mikwaruzo isiyo na maana, kuwatania wanafunzi. Kila mwaka huwa anafukia vitu vya uongo kwenye shimo la mazoezi ili wanafunzi wajifunze kuchimba kwa brashi na subira. Sheria ya kazi ni moja: kila kitu cha uongo kinatiwa doa la rangi nyekundu mgongoni kabla ya kufukiwa. Siku ile shimo la mazoezi lilijaa maji ya mvua. Gundi akakipeleka kibao kwenye pembe ya shimo halisi alilodhani limekwisha kazi, akiharakisha, na doa jekundu akalisahau. Kesho yake akatumwa mjini. Aliporudi akamkuta Mjomba anacheza kwenye matope, kibao mkononi.

Angesema pale pale. Lakini hebu niambieni ninyi mnaojua kusema: mzee aliyekulisha na kukuvika anacheza matopeni kwa mara ya kwanza tangu umjue, wewe unaanzaje? Gundi alimeza mate. Akayameza tena kesho yake, na keshokutwa, mpaka uongo ukaota mizizi.

Na sasa mashine nayo ilikuwa imesema uongo. Au siyo?

Gundi alimfuata Binamu maabara. Alimkuta peke yake, anafuta meza huku anaimba.

"Dada, hiyo mashine yako inapima nini hasa?"

"We nawe, leo ndiyo unauliza? Inapima mara ya mwisho udongo ulipopata moto mkali. Tanuri la mfinyanzi linafuta kila kitu, halafu hesabu inaanza upya. Nasi tunaisoma hesabu."

"Na moto mdogo je? Tuseme oveni ya nyumbani."

Binamu akacheka mpaka akashika mbavu. "Oveni ifute nini? Tia kigae cha kale kwenye oveni pamoja na keki, kitatoka kigae kile kile cha kale, ila kinanukia keki!"

Gundi hakucheka. Alitafuta kiti, akakikosa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Maana alikumbuka. Wanafunzi wa mwaka huu walikuwa wajanja, walikuwa wakishika tu udongo mpya wanaujua kwa uzito. Gundi akataka kuwakomesha. Vile vipande vidogo vya vyungu visivyounganishika, ambavyo hukaa chini ya meza yake vikingoja kuwekwa kwenye mifuko, alivichukua akavisaga. Unga wake akauchanganya na udongo mbichi, na unga ulikuwa mwingi kuliko udongo. Kisha akaoka, jikoni kwake, kwenye oveni.

Mashine haikudanganya. Ilisoma umri wa vyungu vya watu alivyovisaga.

"Mdogo wangu, mbona jasho?"

"Dada, funga mlango."

"Kuna nini?"

"Funga kwanza."

Binamu alifunga. Gundi akasema yote, bila kupumzika, akitazama sakafu. Kwanza Binamu alidhani ni mzaha. Kisha akashusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akamtazama mwenzake kama anayemwona leo.

"Rudia hapo kwenye kusaga."

"Nilisaga vigae."

"Vigae vya kale? Wewe? Wewe unayewagombeza wanafunzi wakikohoa karibu na chungu?"

"Vilikuwa vidogo, havina pa kuunganika..."

"Kelele! Nimetia sahihi yangu pale! Nimesimama mbele ya watu nikapiga ukelele kama muuza samaki! Unajua umenitia wapi?"

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungekuja kabla sijaingia ukumbini!"

Gundi alilia. Binamu naye, kwa hasira, alichukua kitambaa akaifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Aliifuta muda mrefu. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sikiliza. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi libaki hapa. Ukisema, mashimo yanafungwa kesho na Baba anakuwa kichekesho. Ukinyamaza, Baba anachimba mji wake mpaka siku anazikwa, anakufa na furaha yake. Nani ameumia?"

Msomaji, nikuulize wewe: nani ameumia? Usijibu upesi. Gundi naye hakujibu upesi. Alikaa juu ya ndoo akautamani ule ukimya kama mgonjwa anavyotamani usingizi. Mdomo wake ulishaanza kusema "sawa."

Simu ya Binamu ikalia mezani. Ujumbe ulikuwa wa Mwenyekiti, ameutuma kwa kila mtu. Kamati imefurahi mno. Picha ya kibao itatiwa kwenye vitabu vya shule, darasa la nne. Watoto watafundishwa maandishi ya kwanza ya mji ule.

"Darasa la nne," Gundi akasema.

"Nimeona."

"Watakariri, Dada. Watapewa mtihani. Mtoto atachapwa kwa kukosea mikwaruzo ya msumari wangu."

Binamu alivua koti jeupe, akalifunga vifungo upya ingawa halikuwa mwilini mwake tena.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema. "Inuka tukajichome wote wawili. Baba yuko nyumbani."

Nyumbani kulikuwa sherehe. Viatu vilijaa mlangoni, hujui cha kushoto kiko wapi wala cha kulia kiko wapi. Shangazi wa upande huu, wajomba wa upande ule, majirani ambao zamani walimwita Mjomba "mchimba panya", wote walikuwa sebuleni wanakunywa soda na kueleza jinsi walivyojua tangu mwanzo kwamba mzee huyu atafika mbali.

"Huyo hapo Gundi!" mke wa Mjomba akaita. "Njoo mwanangu, njoo ukae. Mjomba wako hajala tangu asubuhi, anasema ameshiba furaha."

"Yuko wapi, Mama?"

"Uani. Anasafisha yale mabuti yake. Eti kesho alfajiri anarudi shimoni. Mwambie na wewe, mimi hanisikii."

Binamu alinaswa na wageni waliotaka kumpongeza, Gundi akatoka uani peke yake. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na bomba, buti moja mkononi, anasugua matope kwa mswaki wa zamani wa meno. Alipomwona Gundi uso wake ulichanua.

"Mpwa wangu! Ukumbini ulitaka kusema nini? Binti yangu alikukatiza. Nilijua ulitaka kumsifu mjomba wako."

"Mjomba, kile kibao nilikitengeneza mimi."

Alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Yalitoka hayo tu.

Mjomba aliendelea kusugua buti. Akasugua kisigino, akasugua unyayo. Ndani ya nyumba watu walikuwa wakicheka kwa nguvu.

"Kilikuwa cha mazoezi," Gundi akasema. "Nilisahau doa. Nilisaga vigae vya kweli nikavitia ndani, ndiyo maana mashine... Mjomba, nilitaka kukwambia. Siku ile ulikuwa unacheza."

"Nilikuwa nacheza," Mjomba akakubali.

"Nisamehe."

Mzee akaliweka buti chini. Akamshika Gundi mkono wa kushoto, akaugeuza, akautazama kama kitu kilichotoka ardhini.

"Ulipokuwa darasa la kwanza mwalimu alikuwa anakuchapa mkono huu ili uandikie wa kulia. Unakumbuka nani alikwenda kumgombeza?"

"Ni wewe."

"Ni mimi. Nikakaa nawe mezani kila jioni mpaka ukajua kuandika. Mlalo wa mistari yako naujua kuliko wa kwangu. Siku ile matopeni nilikitazama kibao, na moyo ukaniambia, mkono huu unaujua. Nikauambia moyo unyamaze. Kisha nikaenda kutangaza kwamba ni mtu wa mashoto, ili niusikie mwenyewe kwa sauti na nisiuamini."

Gundi akainua uso. "Ulijua?"

"Sikujua. Nilikataa kujua, na hilo ndilo baya zaidi. Wewe ulisahau doa la rangi, mimi nilisahau elimu yangu yote kwa kupenda kusifiwa." Akamwachia mkono. "Usilie. Mimi pia nina la kujibu. Kesho asubuhi tutarudi pale pale ukumbini. Wewe utasema lako, nami nitasema langu."

"Watakufungia mashimo, Mjomba."

"Watafunga."

Alisema kwa utulivu, lakini alipojaribu kuvaa buti mguu haukuingia, na ikabidi Gundi ainame amsaidie. Mzee alimwekea mkono kichwani. Ilikuwa heri angempiga.

Asubuhi ikafika.

Sitakuchosheni na yote yaliyosemwa ukumbini. Gundi alisema. Safari hii hakuna aliyefungua mlango kumwokoa. Binamu alisimama akasema kipimo chake kilikuwa sahihi lakini kilipima vumbi, na anaomba radhi. Mjomba akasema kwamba alitia shaka na akaificha shaka yake, na kwamba mtafiti anayeficha shaka hana tofauti na mwizi. Kisha akaweka funguo za ghala mezani na kutoka nje, mgongo umenyooka, simu kaizima. Alipanda pikipiki ya kukodi. Walimsikia akimwambia kijana wa pikipiki ampeleke kwenye mashimo, anataka kuaga.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa amegeuka rangi. Jana alikumbatia watu mbele ya kamera, leo kamera zile zile zilitaka kumwuliza anajisikiaje.

"Uchimbaji umefungwa," akasema. "Na mashimo yafukiwe leo hii. Sitaki mtu apige picha tena pale. Malori ya wajenzi wa barabara yako jirani, nimeshapiga simu, udongo unakwenda sasa hivi."

"Leo?" Binamu akauliza. "Bila hata kufunika sakafu za nyumba?"

"Sakafu gani, mama? Nani ajuaye zipi za kweli na zipi za jikoni?"

Watu wakacheka. Gundi aliusikia mcheko ule mpaka kwenye mifupa, lakini ndani kabisa, nitawaambia ukweli, alikuwa na nafuu. Mzigo ulikuwa umetua. Alidhani lililobaki ni aibu tu, na aibu alikuwa tayari kuibeba.

Simu yake ikalia.

Alikuwa Nyapara, msimamizi wa vibarua kule mashimoni, mtu wa maneno machache ambaye hupiga simu kuomba majembe tu.

"Dada Gundi, Profesa hapatikani. Mnakuja saa ngapi?"

"Nyapara, sikiliza, kuna habari mbaya..."

"Ngoja kwanza, nisikilize mimi. Profesa alituachia kazi ya kupangusa sakafu ya ile nyumba kubwa. Ile ya chokaa. Tumeipangusa yote. Dada, kuna viganja."

"Viganja vya nini?"

"Vya watu! Vimekandamizwa kwenye chokaa ilipokuwa mbichi. Ukuta hadi ukuta, hakuna pa kukanyaga. Vikubwa, vidogo, vya wazee vidole vimepinda. Kuna vya watoto wachanga, mtoto kashikiwa mkono na mkubwa, unaona vidole vya mkubwa pembeni. Chokaa hukauka upesi, wewe unajua. Walipanga mstari wote siku moja. Mji mzima, Dada. Na vyote vinaelekea upande mmoja, mlangoni."

Gundi akaziba sikio la pili asikie vizuri.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

"Mimi sikusoma, lakini naona kama walikuwa wanaaga."

Jamani! Swali la maisha ya Mjomba! Hawakuuawa. Hawakukimbia. Walijipanga, wakubwa kwa wadogo, wakaacha alama zao, wakafunga milango kwa nje, wakaondoka pamoja. Jibu lilikuwa pale, chini ya brashi ya Nyapara, si mbali na ile pembe Gundi alikofukia mzaha wake.

"Ila Dada, kuna malori hapa yamekuja na askari ana karatasi. Anasema tutoke. Hii ni nini?"

Gundi alikimbia. Aliruka nyaya za kamera, akamshika Mwenyekiti mkono wa koti.

"Simamisha malori! Mzee wangu, nakuomba, simamisha! Wamepata viganja kwenye sakafu ya nyumba kubwa. Vya watu wa mji. Vya kweli!"

Mwenyekiti aliutazama ule mkono ulioshika koti lake mpaka Gundi akauachia.

"Viganja," akasema taratibu, kila mwandishi asikie. "Na hivyo umevioka kwenye oveni gani?"

Ukumbi mzima ulicheka. Alicheka mpaka mfagizi.

Gundi aligeuka kwa mmoja, akageuka kwa mwingine. "Nendeni mkaone wenyewe! Si mbali! Nendeni tu na kamera zenu!" Mwandishi mmoja, mama wa makamo ambaye jana alimwomba Gundi picha ya pamoja, alifunga begi lake akasema kwa upole, "Mwanangu, si umesema sasa hivi mwenyewe kwamba uliweza kuidanganya hata mashine? Sisi macho yetu ni nani?"

Hapo ndipo alipoijua hatia. Ya jana ilikuwa mchezo. Alikuwa amedhani uongo wake ni kitu kimoja, ukikitaja kinakwisha. Kumbe uongo ulikuwa umekula hata ukweli ambao ulikuwa bado haujafukuliwa.

"Garini!" Binamu akapiga kelele. "Acha kuomba watu, ingia garini!"

Binamu aliendesha kama hakujifunza kuendesha. Alipita matuta bila kuyasalimia. Njiani Gundi alipiga simu ya Mjomba, imezimwa. Akapiga ya Nyapara, inaita tu. Akapiga tena.

"Baba atakuwa ameshafika," Binamu akasema. "Atakuwa ameviona."

"Ndicho ninachokiogopa."

Walifika. Malori yalikuwa matatu, matipa makubwa ya njano, yamejaa udongo mwekundu. Moja lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea nyumba kubwa, dereva anatazama kioo cha pembeni, redio inapiga muziki kwa sauti ya harusi. Askari alikuwa amemshika Nyapara kwapani, na Nyapara alikuwa anapiga kelele na kuonyesha shimoni kwa kidole.

"Yumo! Profesa yumo! Mwambieni dereva, Profesa yumo ndani!"

"Porojo zenu hizo," askari alikuwa anasema. "Nimeshaambiwa mtasema lolote."

Binamu alikimbilia lori. Gundi alikimbilia ukingo wa shimo.

Chini kabisa, pale ambapo ukuta wa kale unamficha mtu asionekane kutoka juu, Mjomba alikuwa amepiga magoti juu ya chokaa. Mabuti ameyavua ili asiharibu. Sakafu nzima ilikuwa viganja, vingi mno, vimebanana, na vile vidogo viko mbele karibu na mlango kana kwamba watoto walipewa nafasi ya kwanza. Mzee alikuwa ameweka mkono wake juu ya kimoja.

"Mjomba! Toka! Lori linarudi, dereva hakuoni!"

Akainua uso. Ulikuwa umelowa machozi na umejaa furaha.

"Mpwa wangu! Njoo uone! Waliaga! Umeona walivyoaga?"

"Nimeona! Toka, Mjomba, nakuomba!"

"Wakimwaga udongo wa mawe chokaa itapasuka. Hakutabaki hata kimoja. Mwambie Mwenyekiti aje aone kwa macho yake, nitangoja hapa hapa."

"Haji! Wamecheka! Hakuna anayeamini!"

"Basi sitoki. Na wewe usishuke, kaa huko juu. Abaki mtu mmoja wa kusema alichokiona."

"Mimi?" Gundi alilia kwa sauti. "Mjomba, mimi nani ataniamini?"

Mzee alifungua mdomo, akakosa jibu. Tangu utoto wake Gundi hakuwahi kumuuliza Mjomba swali akakosa jibu.

Lori lilisimama ukingoni. Binamu alikuwa ananing'inia kwenye mlango wa dereva, anagonga kioo kwa ngumi, na dereva anampungia mkono kwamba subiri, nimalize kwanza. Tipa likaguna, likaanza kuinua mgongo. Jiwe la kwanza lilibingirika, likaanguka kwenye safu ya mbele, kwenye viganja vya watoto, na chokaa ikalia kama sahani inayovunjika.

Gundi akaruka shimoni, na udongo ukamfuata.